Orodha ya Maneno 570 ya Kitaaluma: Niliyakariri Yote, Nikaandika Vibaya Kuliko Mwanzo

Sentensi yenyewe hii hapa, kama nilivyoiandika kwenye rasimu ya sura ya pili ya tasnifu yangu: "This research was occurred to assess the significant evidences." Maneno tisa. Matano kati ya hayo, yaani research, occur, assess, significant na evidence, yanatoka kwenye fungu la kwanza kabisa la orodha ninayotaka kuizungumzia, na yote nilikuwa nayajua. Ungeniamsha usiku wa manane ukaniuliza maana ya occur, ningekujibu kabla sijafumbua macho: kutokea. Msimamizi wangu, mzee wa maneno machache, aliizungushia sentensi nzima duara la penseli, akaandika pembeni kwa Kiswahili: "Utafiti ulitokewa na nini, jini?"

Nilicheka kwanza, kisha nikanuna kutwa nzima. Nilikuwa nimetumia mwezi mmoja kukariri na mwingine kurudia, sikuruka hata siku moja, na programu ya kadi ilikuwa inanionyesha kwamba napata kadi tisa kati ya kila kumi. Sasa hizo tisa zilikuwa zinapima nini?

Basi hii ni tathmini ya vitu viwili vinavyokwenda pamoja: orodha inayojulikana kama Academic Word List, na programu ya kadi za kumbukumbu iitwayo Anki, ambayo wengi wetu huitumia kuimeza orodha hiyo. Vyote vinapatikana bure, isipokuwa Anki ya iPhone, hiyo inalipiwa. Nimekuwa navyo mwaka mmoja na nusu. Mara ya kwanza nilivitumia vibaya, nikafuta kadi zote nikaanza upya, na bado navitumia.

Orodha ilitengenezwa na Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, New Zealand, ikachapishwa mwaka 2000. Kilichonifanya niiamini ni namna alivyoipata. Hakukaa mezani akachagua maneno yanayosikika ya kisomi. Alikusanya maandishi ya kitaaluma yenye jumla ya maneno milioni 3.5, akayagawa katika maeneo manne, sanaa, biashara, sheria na sayansi, kila eneo likiwa na masomo saba. Kisha akaweka chujio. Neno, pamoja na ndugu zake wa mzizi mmoja, lilipaswa kuonekana angalau mara 100 katika mkusanyiko mzima, angalau mara 10 katika kila eneo, na katika masomo yasiyopungua 15 kati ya 28. Neno linalotumiwa na wanasheria peke yao likatupwa nje. Na kabla ya hapo alikwishaondoa zile familia 2,000 za maneno ya kawaida kabisa, ambazo mwanafunzi anatarajiwa kuwa nazo tayari. Zikabaki familia 570, zikapangwa katika mafungu kumi kuanzia yanayotumika zaidi: mafungu tisa ya kwanza yana familia 60 kila moja, la mwisho lina 30.

Katika maandishi aliyoyapima, familia hizo zinachukua takriban asilimia 10 ya maneno yote. Kwenye hadithi za kubuni, asilimia 1.4 tu. Takwimu hiyo ya pili ndiyo iliyonifungua macho. Nilikuwa msomaji mzuri wa riwaya za Kiingereza na nilijiona sina shida na lugha, lakini makala ya kwanza niliyopewa kwenye fani yangu, sayansi ya udongo, ilinikwamisha aya ya kwanza. Nilidhani ni udongo unaonishinda. Udongo nilikuwa nauelewa vizuri tu. Kilichonishinda ni derive, whereas, constitute na vitu vya namna hiyo, ambavyo mhusika wa riwaya hana haja navyo anapogombana na mkewe.

Hesabu ya ahadi yake ni muhimu uijue kabla hujaanza, maana watu huiuza orodha hii kama ufunguo wa kila mlango. Maneno 2,000 ya kawaida yanakupa kama asilimia 76 ya makala ya kitaaluma. Ongeza hizi familia 570, unafika 86. Inasikika kama umekaribia kumaliza. Lakini 86 maana yake ni kwamba katika kila maneno 100, 14 bado ni giza. Kwa mstari wa maneno 12 hivi, ni karibu mawili kila mstari. Watafiti Hu na Nation, katika jaribio lao la mwaka huohuo wa 2000 lililotumia hadithi, waliona kwamba msomaji anahitaji kujua karibu asilimia 98 ili aelewe vizuri bila kusaidiwa. Hilo pengo linajazwa na maneno ya fani, majina, na maneno adimu ambayo hakuna mtu atakayekupangia kwenye karatasi. Kwangu mimi ni leaching, cation, loam na wenzao, na hayo sikuyapata kwenye kadi bali kwa kuushika udongo huku nikisoma juu yake.

Pia mafungu hayana uzito sawa. Fungu la kwanza peke yake linabeba asilimia 3.6 ya maandishi. La kumi linabeba 0.1. Mimi nililipa mafungu yote juhudi ileile, kama mtu anayemwagilia mpunga na magugu kwa ndoo moja.

Sasa kasoro za orodha yenyewe, maana zipo na si ndogo. Yale maneno ya kawaida yaliyoondolewa yanatoka kwenye orodha ya Michael West ya mwaka 1953. Matokeo yake mengine ni vichekesho. Computer imo kwenye orodha ya kitaaluma, fungu la pili, kwa sababu West hakuwa nayo. Job imo, fungu la nne. Team imo, fungu la tisa. Nilitengeneza kadi ya job kwa utiifu kabisa, mbele job, nyuma "kazi", nikaijibu sawa kila mara, na kila mara programu ikanipongeza. Upande wa pili, however hutaikuta, wala result, kwa kuwa zilihesabiwa za kawaida. Mimi however nilikuwa naitumia kama but, naitumbukiza katikati ya sentensi mbili na mkato mmoja, na hakuna kadi iliyonigusa bega.

Kasoro ya pili imo kwenye hayo mambo ya familia. Orodha inahesabu mzizi, kwa hiyo consist na consistent ni watoto wa nyumba moja. Lakini consist ni kuundwa na vitu fulani, na consistent ni kutobadilika-badilika, au kutopingana. Kujua la kwanza hakukusogezi hata hatua moja kuelekea la pili. Constitute, kufanyiza kitu, imelazwa pamoja na constitution, katiba. Economic na economical zinaonekana mapacha hadi uandike kwamba nchi ina matatizo ya economical, na msomaji aelewe kwamba matatizo yenyewe hayatumii mafuta mengi. Sisi tunalijua jambo hili vizuri tukilitazama kwa Kiswahili: mgeni akijifunza kupanga viti, hatajua kwa nini mpangaji anadaiwa kodi.

Ya tatu ni ndogo lakini ilinitesa kuliko zote. Ndani ya kila fungu maneno hupangwa kwa alfabeti. Fungu la kwanza linaanza analyse, approach, area, assess, assume. Assess na assume wanalala kitanda kimoja, na mimi niliwakaribisha siku moja, kadi moja baada ya nyingine. Kwa wiki mbili nzima assess kwangu ilikuwa "kudhani" na assume ikawa "kutathmini", na nikisahihisha moja, nyingine inapinduka. Maneno yanayofanana sura hayafai kufundishwa siku moja. Subiri la kwanza likae, ndipo umlete mwenzake. Orodha haikuambii hivyo. Ukiishusha, jambo la kwanza uichanganye kama karata.

Tukija kwenye Anki. Ilianza kutolewa mwaka 2006 na aliyeibuni ni Damien Elmes. Wazo lake ni la zamani: mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha jinsi kumbukumbu inavyoporomoka haraka mwanzoni kisha inavyopunguza kasi. Programu hukuletea kadi karibu na wakati unaotarajiwa kuisahau; ukiipata, inakaa muda mrefu zaidi kabla ya kurudi, ukiikosa inarudi mapema. Ni zana nzuri mno kwa kazi yake. Sina ugomvi nayo. Ugomvi ninao na mimi niliyeikuta imewekwa kadi mpya 20 kwa siku nikaona huo ndio wastani wa binadamu.

Maneno 570 kwa 20 ni siku 29. Nilichora kalenda. Ambacho sikukihesabu ni marudio: kufikia wiki ya tatu nilikuwa nakutana na kadi zaidi ya 150 kila asubuhi, na dakika 20 zikageuka saa nzima. Ukiwa umechoka namna hiyo unaanza kujidanganya. Unaona constrain, unajisemea "aa, hii naijua", unabonyeza kitufe cha ndiyo, kadi inaenda zake mwezi mzima. Hakuna anayekuona. Nilikuwa mwanafunzi, mwalimu na mtungaji wa mtihani, na wote watatu tulikuwa tunasinzia.

Kuna kitu kimoja ndani ya Anki ninachokipenda kwa uaminifu wake. Kadi uliyokwisha kuijua kisha ukaikosea tena na tena, mara nane kwa mpangilio wa kawaida, inatiwa alama ya ruba na inaweza kusimamishwa. Ruba kweli, yule mdudu wa kwenye maji anayenyonya damu. Mimi nilikuwa na maruba sita: subsequent, consequent, albeit, whereby, intrinsic na notwithstanding. Subsequent na consequent ni ile hadithi ya assess na assume tena: moja ni kinachofuata kwa wakati, nyingine ni kinachofuata kama matokeo, na Kiswahili chetu kinazibeba zote mbili kwa "kufuata" bila kulalamika. Notwithstanding niliiacha. Nilisema potelea mbali.

Turudi kwenye penseli ya mzee, maana baada ya duara lile nilimfuata ofisini na nikatoka na darasa ambalo kadi zangu 570 hazikuwa nalo.

Alianza na evidences. Akaniuliza kwa Kiswahili wingi wa ushahidi ni nini. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Mashahidi ni watu. Ushahidi ni ushahidi, uwe mmoja au gunia zima. "Basi na evidence hivyohivyo," akasema. Halafu akanitega: na utafiti? Nikajibu haraka, tafiti. Akacheka. Hapo ndipo ilipokuwa inatoka ile "researches" iliyojaa kwenye sura yangu ya kwanza. Kiswahili kinaruhusu tafiti, kichwa kinahamisha wingi ule hadi Kiingereza, na Kiingereza cha kawaida leo kinataka research bila s. Ukitaka kuzihesabu, unasema studies. Jambo la mstari mmoja. Kadi yangu ilisema research ni utafiti na ikaishia hapo.

Kisha significant. Kadi ilisema "muhimu, kubwa". Nilikuwa nimeandika kwamba kuna significant difference kati ya viwanja viwili vya majaribio, nikimaanisha tofauti inayoonekana kwa macho, tena ukiwa mbali. Akauliza: "Umetumia jaribio gani la takwimu?" Sikuwa nimetumia lolote. Kwenye makala ya kisayansi, ukiandika significant difference msomaji anaelewa umepima, na kwamba kipimo kimeonyesha tofauti kubwa kiasi cha kwamba si rahisi kuletwa na bahati tupu. Nilikuwa nimetoa dai zito kwa kutaka kusifia tu. Structure nayo ilikuwa hivyohivyo: kwa watu wengine ni muundo wa chochote, kwetu wa udongo ni namna chembe zilivyoshikamana kufanya mabonge, na ni kitu tofauti kabisa na texture, ambayo ni uwiano wa mchanga, tope laini na mfinyanzi. Ken Hyland na Polly Tse waliandika juu ya hili mwaka 2007, wakihoji kama kweli upo msamiati mmoja wa kitaaluma kwa fani zote, kwa kuwa maneno haya hubadilisha tabia kutoka fani moja hadi nyingine. Ningewasoma kabla ningeokoa karatasi.

Na was occurred? Hilo lilikuwa kosa la kitenzi. Occur haifanywi na mtu kwa kitu; inatokea yenyewe, basi. Utafiti unafanywa: conducted, carried out. Mzee akaniambia nisijifunze neno peke yake, nijifunze na mtu anayetembea naye.

Nikarudi nikafuta kadi zote. Kadi 570. Mkono ulitetemeka kidogo.

Kadi ya sasa ikoje? Nitakuonyesha moja, contribute, ya fungu la tatu. Ya zamani: mbele contribute, nyuma "kuchangia". Mpya: mbele kuna sentensi ya Kiswahili niliyoitunga kutoka kwenye kazi yangu, "Mmomonyoko unachangia upotevu wa rutuba," na chini yake ya Kiingereza yenye pengo, "Erosion c____ __ the loss of fertility." Nyuma: contributes to, kisha mstari wa ndugu zake, contribution na contributor, kisha wenzake wawili, contribute significantly, make a contribution, basi. Tazama lile pengo la pili, dogo. Ndilo lenye thamani. Kitenzi chetu kimebeba "kwa" yake tumboni, changa imekuwa changia, kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili haoni upungufu wowote akiandika "contributes the loss". Kiingereza kimeiacha to nje, na lazima uikumbuke. Kinyume chake, emphasise haitaki chochote, lakini sisi tunatilia mkazo "juu ya" jambo, basi tunaandika "emphasise on" mpaka tunazeeka. Kadi za kutafsiri neno kwa neno haziwezi kukushika makosa haya kwa sababu hazikuulizi.

Kadi hizi ni za polepole. Naweka mpya sita au saba kwa siku, na nyingine inanichukua dakika tano kuitengeneza. Ni sawa. Kuitengeneza ndiyo nusu ya kujifunza, na ndiyo maana sipendekezi kushusha mafungu ya kadi yaliyotengenezwa na wengine, hata yawe mazuri vipi. Niliyashusha mawili. Yalikuwa na sentensi za mfano juu ya benki na sheria za kodi, vitu ambavyo sina mpango wa kuviandikia maisha yangu yote.

Mpangilio nao niliubadilisha. Kuna zana za mtandaoni ambazo unabandika maandishi nazo zinapigia mstari kila neno la orodha. Nilichukua makala tatu za fani yangu, nikabandika, nikaanza na yale yaliyojitokeza kwenye zote tatu, hata kama yako fungu la sita. Legislate ni ya fungu la kwanza. Kwenye makala zangu haikutokea hata mara moja, kwa hiyo ilikaa ikisubiri, na levy ya fungu la kumi inasubiri mpaka kesho. Mtu wa sheria atafanya kinyume changu na atakuwa sahihi.

Sentensi za mfano nazitoa sehemu tatu. Ya kwanza ni makala zenyewe. Ya pili ni SkELL, tovuti ya bure ambayo unaandika neno nayo inakuletea sentensi halisi na kukuonyesha neno hilo hupenda kukaa na nani: ukiandika evidence utaona linavyoandamana na provide na suggest. Ya tatu ni Academic Phrasebank, hazina ya vifungu vya sentensi iliyotungwa na John Morley katika Chuo Kikuu cha Manchester, iliyopangwa kwa kazi ya sentensi na si kwa alfabeti: namna ya kutambulisha tatizo, namna ya kukosoa utafiti wa mwingine bila kumtukana, namna ya kusema "huenda" bila kuonekana mwoga. Hiyo ya mwisho ilinisaidia sana, kwa sababu nilikuwa naandika proves kila mahali. Ila uitumie kwa kipimo. Niliwahi kuandika utangulizi mzima kwa vipande vyake na ukasomeka kama barua ya serikali.

Jambo moja linatupa nafuu, na sijaona likisemwa vya kutosha. Watu wanalalamika kwamba maneno haya ni mageni, makavu, ya Kilatini na Kigiriki. Ni kweli mengi yana asili hiyo. Lakini mzungumzaji wa Kiswahili amekwishazoea lugha yenye ghorofa mbili. Chini tuna kupima, kuwaza, kufanya. Juu, tukivaa rasmi, tuna tathmini, dhana, nadharia, muktadha, istilahi, na nyingi za hizo zilitufikia kupitia Kiarabu kama vile Kiingereza kilivyojaziwa ghorofa yake na Kilatini. Unajua tayari kwa nini mtu anaandika "kutathmini" kwenye ripoti na kusema "kupima" akiwa nje. Assess na check zina uhusiano wa namna hiyo. Na familia za maneno, ambazo huwachosha wanafunzi wengine, kwetu ni jambo la kila siku: chambua, uchambuzi, mchambuzi, chambulika, analyse, analysis, analyst, analysable. Nilipoanza kuziweka sambamba hivyo, mafungu mawili yalinipita kwa urahisi ambao sikuutegemea.

Nafuu hiyo inaishia kwenye matamshi. Shadda yetu ni tulivu, inakaa silabi ya pili kutoka mwisho na haimsumbui mtu. Yao inahama neno likibadilika: kwenye analyse iko mwanzo, kwenye analysis imeruka hadi silabi ya pili, kwenye analytical imeenda ya tatu. Nilisimama mbele ya wenzangu kuwasilisha matokeo nikatamka hierarchy kwa shadda ya Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho, mara tatu, na mwenzangu mmoja mkarimu akaniuliza kwa upole hiyo ni aina gani ya udongo. Sasa kila kadi ina sauti. Orodha ya maandishi haiwezi kukupa hilo.

Kuhusu mbadala. Mwaka 2014 Dee Gardner na Mark Davies walitoa orodha mpya, Academic Vocabulary List, iliyotokana na maandishi ya kitaaluma ya maneno milioni 120 ya Kiingereza cha Marekani. Haikusimama juu ya mabega ya West, kwa hiyo however na result zimo, na haihesabu familia bali neno moja moja kwa aina yake, nomino mbali, kitenzi mbali. Ni bora kwa haki, na kama nisingekuwa nimefika nilipofika ningeanza nayo. Lakini ina maneno karibu 3,000, na kwa anayeanza ni bahari. Ile ya 570 ina ukingo. Unaiona ng'ambo.

Kwa hiyo nyota? Orodha naipa nne kati ya tano kwa anayesoma, mbili kwa anayetaka kuandika. Anki tano, ukishapunguza ile 20. Anayeanza Kiingereza kabisa asiiguse. Amalize yale ya kawaida kwanza. Kabla ya kuanza ajipime: ile Vocabulary Levels Test ina sehemu ya maneno ya kitaaluma yenye maswali 30. Mimi nilipata 17 kabla, 29 baada ya ule mwezi wa kwanza, na ni hiyo 29 ndiyo iliyoandika was occurred, kwa hiyo nayo usiiabudu.

Sura ya pili niliirudisha. Sentensi ile sasa inasema, "We assessed soil structure in two plots." Maneno saba. Mzee hakuizungushia kitu. Aliipita, akaenda kusimama kwenye jedwali la ukurasa unaofuata, ambalo nilikuwa nimekosea vipimo.

Maruba yangu nayo yamebaki moja. Notwithstanding sikuwahi kuirudisha kwenye zamu, na katika makala zote nilizosoma tangu hapo sikumbuki kukutana nayo. Juzi nikaiona. Ilikuwa kwenye masharti ya matumizi ya programu fulani, yale marefu ambayo kila mtu hubonyeza "nakubali" bila kusoma. Nilisimama, nikasoma aya nzima, nikaielewa. Nikabonyeza nakubali.